Kuhamia Marekani kutoka Mombasa: dereva na muuguzi, Kiingereza gani kisomwe kwanza?

Mpwani_Kisauni aliuliza:

Assalam alaykum, na wengine hamjambo. Naomba ushauri kwa ajili ya jamaa wawili, mume na mke, wanaojiandaa kuhamia Marekani na watoto wao. Ndugu wa mke ni raia kule na ndiye aliyewaombea ukaazi wa kudumu. Sasa wanangojea mahojiano ubalozini, na kwa makadirio yao wataondoka baada ya miezi minane hivi.

Mume ana miaka 38, dereva wa treila, leseni ya CE, safari zake bandarini hadi Malaba. Kidato cha nne alipata D+. Kiingereza akisemeshwa polepole anaelewa, tabu ni kujibu. Mke ana miaka 34, muuguzi wa diploma, KRCHN (muuguzi wa afya ya jamii aliyesajiliwa Kenya), na Kiingereza cha mafaili anakitumia kila siku. Watoto ni wa miaka 7 na 14.

Chuo kimoja mjini kimewaambia wote wawili walipie kozi ya IELTS, mtihani wa Kiingereza wa kimataifa, ya miezi mitatu, ati bila hiyo hakuna viza wala kazi. Pesa zilizopo zatosha mtu mmoja tu. Nani asome, asome nini, na Kiingereza cha kiasi gani kitamwezesha kila mmoja kurudi kwenye kazi yake mwenyewe badala ya kuishia ghalani kupakia maboksi? Anayejua kwa undani anijibu, hata jibu likiwa refu.

Mwalimu_Tudor:

Wa alaykumu salaam. Kwanza hizo pesa zisitoke. Viza ya ukaazi wa kudumu ya kuombewa na ndugu haina mtihani wa Kiingereza. Ubalozini watatakiwa cheti cha tabia njema, vyeti vya kuzaliwa na ndoa, vipimo vya afya na fomu ya mdhamini inayoonyesha kipato chake. IELTS haimo.

Maneno ya "bila alama hupati viza" yametoka kwa watu wa Kanada na Uingereza, na hapa mjini yanachanganywa sana. Kanada, anayeomba peke yake kwa ujuzi wake hupewa pointi za lugha: akiwa kiwango cha 7 cha vipimo vya Kanada vyenyewe (CLB, si alama za IELTS) katika stadi zote nne anapata 68, akifika cha 9 anapata 124. Pointi 56 kwa lugha peke yake huamua kama mtu ataitwa au la, kwa hiyo huko kozi ya IELTS ina maana yake. Jamaa zako wanapita mlango mwingine kabisa.

Mume hahitaji IELTS hata kidogo. Mtihani ule unamtaka aandike insha ya maneno 250 kwa muda wa kama dakika 40, na hakuna mkaguzi wa barabarani atakayemdai insha. Mke huenda akadaiwa mtihani wa lugha, lakini atakayemdai ni bodi ya uuguzi ya jimbo atakaloishi, na kila jimbo lina masharti yake. Halafu matokeo ya IELTS kwa kawaida hukubaliwa kwa miaka miwili tu. Akiufanya leo na makaratasi yakachelewa, atalipa mara mbili.

Kuhusu "Kiingereza cha kiasi gani", swali lenyewe ningeligeuza. Kipato chao kitaruka siku watakapopata leseni za kazi zao, na kila leseni ina msamiati wake mfupi unaojulikana tangu mwanzo. Dereva mwenye maneno 600 ya kazi yake anaajirika kabla ya mtu aliyemaliza kitabu kizima cha sarufi. Wa udereva na wa uuguzi humu watasema zaidi yangu.

BrekiYaUpepo:

Nizungumzie dereva tu.

Sheria ya serikali kuu ya Marekani inamtaka dereva wa gari la biashara awe na Kiingereza cha mambo manne: kuzungumza na watu, kuelewa alama na maandishi ya barabarani, kujibu maswali ya maafisa, na kujaza ripoti na kumbukumbu. Kifungu ni cha zamani, ila kwa miaka kadhaa aliyeshindwa aliandikiwa kosa akaendelea na safari. Tangu 25 Juni 2025 akishindwa anasimamishwa palepale. Lori linabaki hapo hadi mwajiri alete dereva mwingine, na mwajiri akiingia hasara hiyo mara moja hangoji ya pili.

Ukaguzi wenyewe una hatua mbili. Ya kwanza afisa anamhoji kwa Kiingereza: umetoka wapi, waenda wapi, umebeba nini, umeanza kazi saa ngapi, karatasi za mzigo ziko wapi. Mkalimani haruhusiwi, wala kadi iliyoandikwa maneno, wala programu ya kutafsiri ya simu. Akipita hapo, anaulizwa maana ya alama za barabarani. Aliyezoea mizani ya Mariakani, ambako mambo yote huisha kwa Kiswahili, anadhani hili ni dogo. Si dogo, kwa sababu afisa wa kule anasema haraka, anameza maneno, na harudii mara tatu.

Lakini kabla ya barabara kuna leseni. CE ya Kenya haibadilishwi ikawa CDL, yaani leseni ya magari ya biashara ya kule, anaanza upya. Anapata leseni ya kawaida ya jimbo, kisha cheti cha daktari wa madereva, kisha mtihani wa nadharia ambao lazima apate angalau asilimia 80. Hapo anapewa kibali cha mwanafunzi. Tangu 7 Februari 2022, anayeomba leseni ya daraja A, ile ya malori yenye treila, kwa mara ya kwanza lazima apitie shule iliyomo katika sajili ya serikali kuu, kwa hiyo asilipe shule yoyote kabla ya kuitafuta jina kwenye sajili hiyo. Baada ya kupata kibali anangoja si chini ya siku 14 ndipo aruhusiwe mtihani wa vitendo. Huo ni Kiingereza kitupu, kisheria.

Wengi wa kwetu hawaangushwi na usukani. Wanaangushwa na ukaguzi wa gari kabla ya kuondoka. Mtahiniwa anazunguka gari, anaonyesha kipande, anakitaja kwa jina lake na kusema anakagua nini. Sahani inayobeba treila ni *fifth wheel*, pini inayoingia humo ni *kingpin*. Vishikio viwili vya kuunganisha hewa kati ya kichwa na treila ni *glad hands*. Miguu ya treila ni *landing gear*. Nati za tairi ni *lug nuts*, na kile chuma kinachorekebisha nafasi ya breki ni *slack adjuster*. Habari njema ni kwamba sentensi za kukagua ni chache na zinajirudia: *securely mounted*, *not cracked, bent or broken*, *not leaking*, *no missing bolts*. Akizishika hizo nne, kilichobaki ni kubadilisha jina la kipande.

Breki za hewa ndizo za kuzingatia kuliko yote, maana katika majimbo mengi ukikosea hapo mtihani umekwisha siku hiyo. Injini ikiwa imezimwa na breki ya mguu imekanyagwa, kichwa na treila visipoteze zaidi ya psi 4 (kipimo cha presha ya hewa) kwa dakika moja. Ukikanyaga na kuachia ili hewa ishuke, onyo lilie au liwake kabla presha haijapungua chini ya psi 55. Ukiendelea, vibonye vya breki ya kuegesha vitoke vyenyewe kati ya psi 20 na 45. Anatakiwa aseme hayo kwa mdomo huku akifanya. Anayezijua breki kuliko mtahini mwenyewe anaweza kufeli kwa kukosa kuzitamka namba.

Kila jimbo lina kijitabu chake cha CDL, bure mtandaoni. Akipakue cha jimbo ambalo ndugu anaishi, asome sura tatu kwanza: ya maarifa ya jumla, ya breki za hewa na ya magari yenye treila. Dakika 40 kila siku, nusu kusoma na nusu kusema kwa sauti. Afadhali ajirekodi kwenye simu akizunguka lori lile lile analoendesha sasa, kwa sababu vipande ni vile vile. Na ajizoeze vipimo: maili, pauni, futi na inchi. Treila za kule nyingi zina kimo cha futi 13 na inchi 6, na anayesoma alama ya daraja kwa kubahatisha anapasua paa.

Sista_Nyali:

Shukran Breki. Nami niseme ya muuguzi, kwa kuwa huyu dada ndiye mwenye kazi ya kuanza leo, akiwa bado Mombasa.

Makaratasi yaanze kabla ya Kiingereza. Bodi nyingi za majimbo hutaka elimu ya nje ichambuliwe na shirika linalokubalika, lijulikanalo zaidi ni CGFNS, ambalo tangu 2025 linaitwa TruMerit. Chuo alichosomea kitatuma matokeo yake moja kwa moja kwa shirika, na Baraza la Wauguzi la Kenya litathibitisha leseni yake. Yeye mwenyewe hawezi kubeba bahasha mkononi. Wanaangalia masaa ya darasani na ya wodini kwa watu wazima, uzazi, watoto na afya ya akili. Chuo kikiandika jumla tu bila kugawanya masaa, faili linakaa. Kufuatilia ofisi ya chuo ukiwa Mombasa ni siku mbili tatu. Ukiwa Ohio ni miezi.

Majina nayo. Kwetu pwani mtu ana Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa, Muhammad kwenye KCSE, na "binti" kwenye kitambulisho. Yalinganishwe kabla ya kutuma chochote, na kiapo cha kisheria cha kuonyesha kuwa ni mtu mmoja kitengenezwe hapa hapa.

Mtihani wa lugha: asome ukurasa wa bodi ya jimbo lake. Baadhi ya bodi humsamehe aliyesomeshwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, chuo kikiandika barua. Zisizosamehe, nyingi hukubali zaidi ya mtihani mmoja, na bodi ikikubali OET, mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya, ningemshauri achukue huo. Kuandika kwake ni barua moja ya maneno 180 hadi 200 kutokana na maelezo ya mgonjwa, na kuzungumza ni maigizo mawili ya muuguzi na mgonjwa. Ni kazi yake ya kila siku, tofauti na insha ya IELTS kuhusu utalii au usafiri wa mijini.

NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, ndio mlango wenyewe. Ni masaa matano, maswali kati ya 85 na 150, kompyuta ikikupimia kadiri unavyojibu. Wenye ujuzi mzuri huanguka kwa kusoma swali vibaya. Swali likiuliza kauli ipi ya mgonjwa yaonyesha *need for further teaching*, jibu ni ile kauli yenye makosa, maana ndiyo inayoonyesha hajaelewa. Anayesoma haraka anachagua kauli iliyo sahihi, na anarudia kosa hilo mtihani mzima. Maneno *first*, *priority* na *initial* nayo yanabadilisha jibu hata kama machaguo yote manne ni matendo mazuri.

Kisha msamiati wa kazi, ambao kozi ya jumla haitamfundisha. Paracetamol kule ni acetaminophen. Adrenaline ni epinephrine, salbutamol ni albuterol, pethidine ni meperidine, lignocaine ni lidocaine. Casualty ni emergency room, theatre ni operating room. Sukari ya damu wanapima kwa mg/dL, kwa hiyo namba yetu ya mmol/L izidishwe kwa 18: 5.5 yetu ni kama 99 yao. Homa ya 38 ni 100.4 kwa Fahrenheit yao. Asipoyazoea haya, atamsikia daktari kwenye simu na kusita, na kule kusita kwenye simu hufasiriwa kuwa hujui kazi.

Kwa miezi ya mwanzo, leseni ikingojewa, kuna kazi ya msaidizi wa uuguzi, CNA. Sheria ya serikali kuu inataka mafunzo yasiyopungua masaa 75, majimbo mengine huongeza. California ni 160. Inamweka wodini, masikio yanazoea, na mapato yanaanza. Ila awe na tarehe ya kutoka. Wauguzi wanaochoka na zamu mbili kwa siku hawapati nafasi ya kusomea NCLEX, na kila mwaka unaopita darasa linazidi kusahaulika.

Mpwani_Kisauni:

Allah awajazi kheri. Kozi tumeiacha. Mke ameanza kulinganisha majina, kweli yametofautiana vyeti viwili. Maswali mawili: mume asema Kiingereza cha barabarani anacho, kinachomkwamisha hasa ni nini? Na huyu kijana wa miaka 14 tumfanyie nini?

Mwalimu_Tudor:

Kinachomkwamisha kwa kiasi kikubwa ni Kiswahili chake kizuri. Kuna mahali lugha mbili hizi zinagongana kimya kimya, na yanayohusu kazi zao ni haya.

Jibu la swali la kukanusha. Afisa akiuliza, *You don't have any other documents?*, Mswahili asiye na karatasi nyingine hujibu "yes", akimaanisha "ndiyo, sina". Kwa Mmarekani hiyo ni "ninazo", na sasa anazidai. Muuguzi akiulizwa kama mgonjwa hana mzio wa dawa, jibu hilo hilo laweza kuua. Dawa yake ni kutojibu kwa neno moja. Aseme sentensi nzima kila mara: *No, I don't have any.* *No, she has no allergies.*

Saa. Zamu ya saa saba asubuhi ya Kimarekani ni saa moja yetu. Hesabu ya kichwani ya kuongeza sita hukosewa mtu akichoka, na dereva lazima ajue saa aliyoanza kazi bila kuhesabu. Simu na saa ya mkononi vibadilishwe lugha leo, na wakubaliane kutaja saa kwa Kiingereza nyumbani.

Namba. *Fifteen* na *fifty*, *thirteen* na *thirty*. Sisi tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho popote pale, kwa hiyo zote mbili zinatoka sawa. Kwenye *fifteen* mkazo uende mwisho na ile "n" isikike. Pakiwa na hatari ataje tarakimu moja moja: *five-zero, fifty*. Wauguzi na marubani hufanya hivyo.

Viungo vya mwili, kwa mke. Kwetu mkono ni *hand* na ni *arm*, mguu ni *foot* na ni *leg*, kidole ni *finger* na ni *toe*. Anayejua dawa zote akaandika *hand* kwa jeraha la juu ya kiwiko ameandika kosa kwenye faili la kisheria.

"Yeye" haina jinsia, ndiyo maana *he* na *she* zinabadilishana ovyo ulimi ukikimbia. "Azima" ni kutoa na ni kupokea, ndiyo maana twasikia *borrow me your pen*. Na "pole". Sisi husema *sorry* mtu akijikwaa, kwa huruma tu. Kule, gari lako limeguswa ubavuni na wewe unasema *sorry*, umeonekana kukiri kosa. Aseme *Are you okay?*

Upande wa matamshi watu wa Mombasa wana bahati ambayo hawaitumii: "th" ya thelathini na "dh" ya dhahabu ndizo zile zile za *think* na *this*. Waache kuiga "s" na "z" za bara. Shida yao iko kwenye irabu, kwa kuwa *cat*, *cut* na *cart* zote zinatoka "kat". Jozi kumi za namna hiyo kwa wiki, kwa kurekodi na kusikiliza, zatosha.

Wakifika, kuna madarasa ya Kiingereza ya watu wazima yanayogharimiwa na serikali, kwenye vyuo vya jamii, maktaba na shule za watu wazima. Mengi ni bure, na huanza kwa mtihani wa kupangwa kiwango. Aulize mahsusi kama lipo darasa linalofundisha lugha pamoja na fani. Jimbo la Washington lina mpango uitwao I-BEST wenye walimu wawili darasani, mmoja wa fani na mmoja wa lugha, na majimbo mengine yameiga. Darasa la namna hiyo lina faida kuliko mihula minne ya sarufi peke yake.

BrekiYaUpepo:

Mwalimu, madarasa ya jioni hayaendani na zamu za ghalani, na kazi ya kwanza kwa kawaida huwa ghala. Mimi ningesema achague kazi kwa lugha inayozungumzwa pale. Ghala ambalo zamu nzima ni watu wa Afrika Mashariki lina raha yake na upweke unapungua, lakini baada ya miaka mitatu Kiingereza kiko pale pale. Kuegesha malori kwenye yadi au kupokea mizigo mlangoni hulipa karibu sawa, na huko anasemeshwa na madereva kutwa nzima.

Mkalimani_Bondeni:

Kijana wa miaka 14 ndiye nisemee. Yule wa miaka 7 lugha itamwingia yenyewe, ataanza kuwarekebisha wazazi kabla ya mwaka kwisha. Huyu mkubwa ataingia sekondari akiwa na miaka minne tu ya kukusanya masomo ya kuhitimu, na Kiingereza cha kemia hakifunzwi uwanjani. Kesi ya Lau dhidi ya Nichols ya mwaka 1974 iliifanya shule ya umma iwe na wajibu wa kumsaidia mtoto asiyejua Kiingereza vizuri. Siku ya kuandikishwa watapewa fomu ya lugha ya nyumbani. Wazazi wengi huandika "English" tupu wakiogopa mtoto atarudishwa darasa, na hapo wamejifungia msaada. Waandike Kiswahili. Mtoto atapimwa, na akionekana hahitaji msaada hawekwi huko. Mkutanoni wadai mkalimani wa shule. Asiwe mtoto ndiye anayewatafsiria maneno ya mwalimu wake.

Na mke asikidharau Kiswahili chake. Wakongo ni miongoni mwa wakimbizi wengi waliopokelewa Marekani katika miaka ya karibuni, na hospitali zinatafuta wakalimani. Mafunzo ya chini kabisa ya kupata cheti ni masaa 40, na cheti cha CoreCHI, cha wakalimani wa hospitali, hutahiniwa kwa Kiingereza, kwa hiyo lugha isiyo na mtihani wake yenyewe haimzuii mtu. Ajizoeze tu sikio, maana Kiswahili cha Bukavu na cha Lubumbashi ni mbali na cha Kisauni, na kwenye ukalimani hakuna kubahatisha maana.

Jambo la mwisho kwa mume: wale watakaomwambia akasomee GED, mtihani wa Kimarekani wa mtu asiye na cheti cha sekondari, asiwafuate. KCSE ni cheti cha sekondari, hata kikiwa na D+. Kinachotakiwa ni kutathminiwa na shirika linalokubalika, WES kwa mfano, nacho huweza kumfaa panapotakiwa cheti cha sekondari. Asafiri na cheti halisi, na nakala zilizothibitishwa aziache kwa mtu wa Mombasa anayeweza kufika posta.